Mzigo Haurudi Chini

Mzigo mzito mpe Mnyamwezi, husema Waswahili. Chini ya mlima Sokolec, kule kwenye safu ya milima ya Tatra, hapakuwa na Mnyamwezi. Palikuwa na Vavrinec Kubaško, na kwa zaidi ya miaka thelathini kila kilicholiwa, kilichonywewa na kilichochomwa katika chata ya Sokolec, ile nyumba ya wageni iliyobanwa kwenye mwamba chini ya kilele, kilipanda kwa mgongo wake au kwa migongo ya wenzake. Wapanda miamba walikwenda kule na kamba zao, watembeaji na mbwa wao, watelezaji na ski zao begani. Wote walipofika juu walitaka supu ya kabichi chachu na bia, na hakuna aliyejiuliza pipa la bia lilipitaje mahali ambapo hata mbuzi hupanda kwa kufikiri.

Kisha, mwezi wa Novemba, Vavrinec akafa kazini. Katikati ya njia kuna benchi ambalo wapagazi huegemezea krosna zao, zile fremu ndefu za mbao za kubebea mgongoni, wakapumzika bila kuzivua. Aliketi hapo, akafumba macho, hakuyafumbua tena. Daktari alisema ni moyo. Waokoaji walimtoa kwenye mikanda wakamshusha kwa machela, na mzigo wakauacha pale pale, kwa sababu mzigo haurudi chini. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza ya wapagazi wa Sokolec, na wanaiheshimu kuliko sheria zote walizotungiwa na serikali. Mpagazi akiugua, akivunjika au akifa, mwenzake humalizia safari. Na anayemalizia mzigo wa marehemu hurithi msumari wake, maana ukutani mwa chata kila mpagazi ana msumari mkubwa wa kutundikia krosna. Asiye na msumari pale ni mgeni tu, hata kama kitovu chake kimezikwa bondeni.

Otília, binti wa marehemu, aliutaka msumari ule. Hakuutaka kwa siri wala kwa haya. Alikuwa na mabega ya baba yake na ulimi wa mama yake, na vyote viwili viliwatia watu wasiwasi. Utotoni alipanda na baba yake akibeba mikate, mpaka siku Gejza, mkuu wa wapagazi, aliposema kwamba mgongo wa mwanamke haukuumbiwa krosna. Vavrinec alikuwapo, akasikia, akanyamaza. Otília akaenda kunoa ski za watu katika duka la kukodisha pale chini penye lifti, na kwa miaka yote ile kilichomuuma hakikuwa neno la Gejza. Kilimuuma kimya cha baba yake, na sasa hakuwa na wa kumlaumu.

Baada ya maziko alimwendea Gejza kuomba mzigo. Gejza alimjibu kwamba Vavrinec alikuwa rafiki yake wa kufa na kuzikana, na kwamba mzigo huo ataubeba yeye mwenyewe, goti lake likipona. Mpaka hapo, mtu yeyote asiuguse. Bonde zima likamsifu kwa heshima aliyomwekea mwenzake. Desemba ikapita, Januari ikapita, goti halikupona, na theluji ikaufunika mzigo pale kwenye benchi hadi ikabaki pembe ya turubai tu. Watelezaji walioupita wakaanza kuubandika stika. Wengine walipiga nao picha.

Picha ndiyo iliyoharibu mambo, au kuyatengeneza, inategemea unamuuliza nani. Siku moja mwezi wa Machi kijana mmoja alirudisha ski dukani huku akiwaonyesha wenzake simu. Katika picha alikuwa ameketi kwenye benchi, mikono ameipitisha kwenye mikanda ya krosna ya Vavrinec, macho ameyafumba, ulimi nje. Mtu alikuwa amemsimulia kisa, na ndiyo maana aliona kinachekesha. Otília alizipokea ski, akazifuta, akazipanga mahali pake. Halafu akafunga duka mchana kweupe na kwenda moja kwa moja kwa Gejza, kwa kuwa hakutaka kesho yake aitwe mwizi.

"Kesho nakwenda kuuchukua mzigo wa baba, mjomba."

"Nilishasema. Goti likipona."

"Goti lako halitapona, na unajua. Ngazi za kanisani tu unazipanda kwa kusali."

Gejza hakucheka. Alimwambia kwamba mpagazi huinuka na mzigo wake peke yake, bila kushikwa mkono, na asiyeweza kuinuka hapandi. Mzigo ule ulimfaa Vavrinec. Otília hata kuutikisa hataweza, na watu watamcheka.

"Sikuja kuomba mkono," Otília alisema. "Nimekuja kuaga."

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, anga jeupe kwa jua, na Sokolec ilijaa watu. Otília alipita msitu wa misonobari kati ya watelezaji waliokuwa wakipandisha ski zao taratibu, mmoja nyuma ya mwingine. Alipofika kwenye benchi alichimbua theluji kwa koleo alilokwenda nalo, akabandua stika moja moja kwa kucha, akazitia mfukoni. Krosna ikasimama wazi, ndefu kumpita yeye, turubai limekazwa kwa mafundo ya baba yake ambayo angeyatambua hata gizani. Akaketi mahali alipoketi marehemu. Akapitisha mikono kwenye mikanda, akainama mbele, akasukuma kwa miguu.

Mzigo haukutikisika.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Miaka yote Otília alikuwa akiwatazama wanaume wakipita na krosna zao, akijiambia kwamba wanaume hupenda kuhema ili waonekane. Sasa alijaribu mara ya pili, na kitu kikaalika kiunoni. Watu wakaanza kusimama. Mpanda miamba mmoja kutoka mjini alinyoosha mkono amwinue, mwenyeji mmoja akamvuta nyuma na kumwambia kwamba huo ni mwiko. Otília akajaribu tena, akainuka kiasi cha upana wa kiganja, akarudi chini kwa kishindo kilichoangusha theluji ya kwenye matawi.

Hapo ndipo Maroš alipotokea juu, akishuka na krosna tupu. Alikuwa mpagazi kijana mwenye nguvu kuliko wote pale, na alilijua hilo mno. Ndiye aliyezoea kumuuliza Vavrinec kila asubuhi kama leo mzee amebeba pamba au manyoya.

"Dada Otília," alisema, "ukimaliza kulikalia benchi utupishe. Lina wenyewe."

Watu wakacheka kidogo. Otília wakati ule alikuwa akifikiri, na alichokifikiria kilimpandisha hasira. Baba yake alikuwa amepita miaka sitini. Hakuna mtu aliyehitaji mzigo huu wote kwa siku moja. Mama mwenye chata asingekufa njaa kama sukari ingefika Jumanne. Aliubeba wote kwa mkupuo kwa sababu kina Maroš walihesabu kilo za wenzao na kucheka, na kwa sababu yeye naye, alipokuwa kijana, aliwacheka wazee wake vivyo hivyo. Akajitoa kwenye mikanda, akaugeukia mzigo, akaanza kufungua fundo la kwanza.

"Usifungue."

Alikuwa Gejza. Alikuwa amepanda mpaka pale kwa fimbo, uso umemwiva, pumzi zinamkimbia. Alisema tena kwamba asifungue, mzigo hufunguliwa juu, mbele ya mizani, tangu enzi za babu zao.

"Sheria inasema mzigo haurudi chini," Otília alisema, na vidole vyake havikusimama. "Haisemi upande kwa mara ngapi."

"Kidogo kidogo kama kunguru?" Maroš aliuliza.

"Kunguru yu hai, Maroš."

Pale watu hawakucheka. Otília alishusha pipa la bia, lililokuwa limevimba kwa kuganda na kuyeyuka. Akashusha makopo ya nyanya, akashusha mlango wa chuma wa jiko, ambao Hedviga, mwenye chata, aliuagiza tangu vuli, naye akashinda majira yote ya baridi akiziba jiko lake kwa bati na waya. Otília aliinua mfuko wa unga, na chini yake, kati ya unga na sukari, palikuwa na kitu kimefungwa kwa gunia. Alikifungua. Lilikuwa jiwe, la ukubwa wa kichwa cha ndama, na ubavuni limeandikwa kwa rangi ya buluu herufi moja, G.

Hakuna mpagazi wa Sokolec asiyejua jiwe lile ni nini. Wana utani wao: mtu hutia jiwe katika mzigo wa mwenzake kwa siri, mwenzake akapanda nalo mlima mzima, akaligundua juu anapofungua. Watu hucheka, aliyetaniwa hutukana, na jiwe hutupwa kwenye rundo mlangoni mwa chata, ambako yapo mengine mengi. Mtaniaji ni lazima alitie jiwe herufi yake, maana utani usio na mwenyewe ni uchawi. Na hili mwenyewe alikuwa amesimama pale, ameegemea fimbo, akilitazama jiwe.

Mzaha mzaha, hutumbuka usaha. Kumbe ndiyo heshima iliyosifiwa bonde zima. Ndilo goti lisilopona. Otília aliliinua jiwe kwa mikono miwili, na kwa kitambo alitaka kumpiga nalo. Watu wa mbele waliliona hilo usoni pake wakarudi nyuma. Gejza hakurudi nyuma. Aliketi tu kwenye benchi, na Otília akalishusha jiwe mapajani pa mzee.

"Lishike," akamwambia. "Nikirudi nikukute nalo hapa."

Akafunga upya krosna, unga na sukari na mlango wa jiko, akakaza kwa mafundo yale yale. Akaketi, akapitisha mikono, akainama mbele. Safari hii aliinuka. Akasimama wima, akapita katikati ya watu bila kumtazama mtu.

Juu ya benchi njia inaingia katika korongo, na korongo la Sokolec limesimama wima kiasi kwamba mtu huona soli za anayemtangulia. Kuna minyororo iliyopigiliwa kwenye mwamba. Otília aliikamata mmoja baada ya mwingine, meno ya chuma ya viatu vyake yakiuma barafu, krosna ikimvuta nyuma kila alipoinua mguu. Watelezaji waliokuwa wakishuka walimpisha wakibana ukutani. Alikuwa akilia, na hakujua ni tangu saa ngapi, na hakujali nani ameona.

Hedviga alikuwa mlangoni. Ni desturi yake: mpagazi akitua mzigo kwenye mizani, yeye hupaza sauti atangaze jina lake na kwamba amefika, hata walioko jikoni wasikie. Alipoiona krosna ile aliitambua kabla ya kumtambua aliyeibeba, akajishika kifua.

"Bado, shangazi," Otília alisema, akivitua vitu kwenye mizani. "Usimtaje. Amefika nusu."

Alikunywa chai yenye ramu akiwa amesimama, akashuka na krosna tupu.

Gejza alikuwa pale pale, jiwe mapajani. Maroš naye alikuwapo, kimya kabisa, kitu ambacho bonde halijakizoea. Otília alitaka kufunga mzigo wa pili mara moja, lakini Gejza aliinua kidole kuonyesha korongo. Jua lilikuwa limeligeukia, na vibonge vya theluji vilikuwa vimeanza kubingirika kutoka juu. Alimwambia angoje kivuli kirudi. Otília alikuwa mkaidi, hakuwa mjinga. Akaketi upande wa pili wa benchi, na kati yao ikabaki nafasi ya mtu mmoja.

Gejza alizungumza akiliangalia jiwe. Alisema walitaniana hivyo ujana wao wote. Vavrinec naye aliwahi kumtilia fuawe ya mhunzi, mwaka ule ule goti lilipoanza kumuuma, na yeye hakusema neno, kwani utani haushtakiwi. Novemba ile Gejza alitia jiwe lake, akangoja kwa furaha ya kitoto Vavrinec alipize. Kisha akaletewa habari.

"Nilipanda mara mbili kulitoa," alisema. "Nikashika fundo lake. Nikashindwa kulifungua."

"Ukaona heri watu wapige naye picha."

"Nikaona heri nife kabla halijaonekana."

"Hukufa."

"Sikufa, mwanangu."

Otília alimuuliza kama jiwe ndilo lililomuua baba yake. Gejza alijibu kwamba hajui, na kwamba kila siku akiamka hilo ndilo swali la kwanza. Alimchukia mzee yule, na aliona wazi kwamba hapana mtu mwingine duniani aliyemlilia baba yake kama yeye, na mambo hayo mawili yalikataa kuondoana.

"Mimi pia sijui," alisema mwishowe. "Kwa hiyo leo sikusamehe wala sikuhukumu. Lakini hilo utalibeba."

"Goti..."

"Mzigo haurudi chini, mjomba. Na jiwe lilikuwa ndani ya mzigo."

Kivuli kilipolifunika korongo, Otília alifunga pipa na makopo, akaketi, akainuka. Maroš aliivua krosna yake tupu akamwekea Gejza mbele, bila maneno. Mzee alilifunga jiwe, akaketi, akainuka nalo, peke yake, kwa jaribio la tatu. Kwenye minyororo alisimama mara nyingi. Kila aliposimama, Otília naye alisimama juu yake, pipa likimkata mabega, na hakumnyooshea mkono. Nyuma yao foleni ilirefuka, wapanda miamba, watembeaji, hata yule mtu wa mjini, na hakuna aliyeomba kupita. Maroš aliponyoosha mkono mahali pabaya kuliko pote, Gejza alimwambia amwache.

Walifika jua likiwa bado kwenye kilele. Gejza, kwa mazoea ya miguu, alielekea kwenye rundo la mawe lililoko mlangoni.

"Siyo huko," Otília alisema. "Huko ni kwa utani. Weka kwenye mizani."

Akaweka. Pipa likafuata, na makopo, juu ya unga na sukari na mlango wa jiko, mpaka ukawa tena mzigo mmoja, kama Vavrinec alivyoubeba mpaka benchini. Hedviga alitazama kipimo, akawatazama wanaume, hakukitaja. Hakuna aliyekuwa na haja ya kuambiwa. Alitoka mlangoni, akajaza kifua, akapaza sauti kuliko alivyowahi kuipaza, mpaka mwamba wa ng'ambo ukamrudishia.

"Vavrinec Kubaško amefika!"

Ndani, Otília aliibeba fremu tupu ya krosna ya baba yake mpaka ukutani akaitundika kwenye msumari wake. Nyuma yake mpagazi mmoja, hakugeuka kuona ni nani, alinong'ona kwamba mzigo wa vipande haujawahi kumpa mtu msumari.

"Kesho nashuka kuchukua gesi," Otília alisema, akiutazama ukuta. "Nitapanda nayo kwa kiasi ninachoweza, na kabla ya kuinuka nitafungua kila mfuko nione kilichomo. Anayetaka kuning'oa hapa aje na nyundo."

Nyundo ya chata ni moja, na ni ya mkuu wa wapagazi. Hakuna mwingine anayepigilia wala kung'oa. Huning'inia chini ya krosna yake. Gejza alivuka chumba akichechemea, akaichukua. Chumba kizima kikamtazama, na Maroš akapiga hatua moja mbele, ingawa hakujua akazuie nini. Mzee alifika penye msumari wa Vavrinec, akautikisa kwa vidole. Mbao zilikuwa zimesinyaa kwa baridi, msumari ulikuwa umelegea. Akainua nyundo, akaupiga, ukazama ndani.

Otília aliishika krosna, akaivuta kwa nguvu zake zote, akausikiliza ukuta.

"Piga tena," akamwambia. "Bado unacheza."